Wema Uhesabiwao kwa Saa

Mithali ya wazee yasema: Tenda wema uende zako. Hakuna mtoto wa Kiswahili asiyeisikia kabla hajajua kusoma. Maana yake ni wazi: ukiisha kumsaidia mtu, ondoka, usisimame mlangoni kungoja ahsante. Lakini ziko njia za maisha ambazo ndani yake mtu huambiwa kinyume cha hayo. Huambiwa atende wema, kisha aketi auandike, aseme ulichukua saa ngapi, ulianza tarehe gani na kwisha tarehe gani, tena amtaje mtu awezaye kumshuhudia. Asipouandika, ni vigumu kupita. Kijana mmoja aliyesoma mikononi mwetu yumo katika njia hiyo sasa. Yuko katika chuo kikuu huko Marekani, akijitayarisha kuomba nafasi katika chuo cha utabibu, naye ametuletea katika barua swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa maneno mawili. Asema kila Jumamosi huenda katika nyumba ya wazee wagonjwa, huwalisha, huwasomea, huwasukuma katika viti vya magurudumu. Na jioni arudipo huandika katika daftari yake: saa 4. Auliza, "Shikamooni walimu wangu, je, mimi ni mnafiki?"

Kwanza yafaa tuieleze njia yenyewe, maana si wote waijuao. Kwetu Tanzania kijana amalizaye kidato cha 6, akiwa amefaulu vema katika fizikia, kemia na biolojia, aweza kuingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari. Atasoma miaka 5, kisha atafanya kazi mwaka 1 hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake. Marekani sivyo. Huko vyuo vya utabibu, isipokuwa vichache, humtaka mtu awe kwanza na digrii nyingine, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4. Aweza kuipata kwa somo lolote, hata historia au muziki, mradi awe amesoma pia biolojia, kemia na fizikia pamoja na kazi za maabara. Kisha hufanya mtihani uitwao MCAT, ambao kwa namna yake ya sasa, iliyoanza mwaka 2015, humkalisha mtu kitini muda wa saa saba na nusu pamoja na mapumziko, na alama zake huanzia 472 hata 528. (Kwa nini wasianzie 0 kama watu wengine, hilo tumewaachia wenyewe.) Atakaye kuwa tabibu wa meno hupita njia iliyo sambamba na hiyo, naye ana mtihani wake uitwao DAT. Zamani mtihani huo ulikuwa na sehemu ya kuchonga chaki, ili ijulikane kama mkono wa kijana ni mtulivu. Jambo hilo latupendeza sisi ambao tumeshika chaki maisha yetu yote, wala hatukudhani kwamba yaweza kumwingiza mtu katika utabibu.

Mlango huo haukufanywa kuwa mwembamba bila sababu. Miaka mia na zaidi iliyopita Marekani ilikuwa na vyuo vingi vya utabibu ambavyo kwa kweli vilikuwa maduka tu: mwenye ada aliingia, akasikiliza maneno, akatoka na cheti hali hakuwahi kumchunguza mgonjwa sawasawa. Chuo cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa mjini Baltimore mwaka 1893, kilikuwa miongoni mwa vile vya kwanza kudai digrii kabla ya kuingia. Kisha mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa taarifa yake mashuhuri juu ya vyuo 155 vya Marekani na Kanada, akayaeleza mabaya yao bila kumwonea mtu haya. Flexner hakuwa tabibu. Alikuwa mwalimu wa shule, nasi twalitaja hilo kwa furaha kidogo. Baada ya hapo vyuo vingi dhaifu vilifungwa, na wagonjwa wakaokoka na mikono ya wajinga. Lakini mlango uwazuiao wajinga huwazuia na maskini pia. Kati ya vyuo 7 vilivyokuwa vikiwafundisha Wamarekani weusi, vilibaki 2 tu, Howard na Meharry.

Leo waombao ni wengi kuliko nafasi. Mwaka 2023 walioomba kuingia vyuo vitoavyo shahada ya MD huko Marekani walipita 52,000, na walioingia hawakutimia 23,000. Basi wachaguzi, wakiona alama za waombaji zimefanana, huuliza: Huyu ni mtu wa namna gani? Amewahi kukaa karibu na mgonjwa? Aijua harufu ya wodi? Amemfuata daktari siku nzima akimtazama afanyavyo kazi, au ameyaona hayo katika sinema tu? Maswali hayo ni ya haki kabisa. Hata kwa wazee wetu, mtu aliyetaka kujifunza dawa za miti alimbebea mganga mkoba wake muda mrefu kabla ya kuonyeshwa mzizi mmoja. Ila mganga mzee alimwona mwanafunzi wake kwa macho, asubuhi na jioni, akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Wachaguzi wa Marekani hawawezi kuwatazama hivyo watu maelfu. Wana karatasi tu. Ndipo katika fomu yao ziliwekwa nafasi 15 za kueleza kazi na huduma ambazo mwombaji amezifanya, na kwa kila moja huulizwa ni saa ngapi, na katika hizo huchagua 3 zilizo na maana kubwa kwake. Hivyo wema uliingia katika hesabu.

Wapo watakaosema upesi kwamba huo ni unafiki mtupu. Watatukumbusha jinsi Bwana wetu alivyowaonya watu watoao sadaka zao kwa mshindo ili watazamwe. Onyo hilo hatuwezi kulipunguza. Lakini katika Injili ya Luka twasoma pia habari za kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, ambaye alimpa mjane haki yake kwa sababu moja tu, kwamba alichoka kusumbuliwa. Mjane yule alirudi nyumbani na haki kamili. Haikupungua hata chembe kwa kuwa moyo wa kadhi ulikuwa mbaya. Vivyo hivyo mzee asiyeweza kuinua kijiko, akilishwa uji na kijana aitazamaye saa yake, uji huo hushuka tumboni kama uji mwingine wowote. Twalisema hili kwa nguvu, kwa sababu tumewaona watu wengi ambao, kwa kuogopa kwamba nia yao si safi, hukaa nyumbani wasitende lolote. Mgonjwa hapati faida yoyote katika usafi wa moyo wa mtu asiyekuja.

Hata hivyo hakuna aliyemwita kadhi yule mtu mwema. Tumekubali kwamba uji ni uji. Hatujakubali kwamba kila aulishaye ana tabia ya tabibu, na tabia ndiyo wachaguzi waitafutayo. Hapa mambo ni mawili, nayo hayafai kuchanganywa: faida ya apokeaye, na hali ya moyo wa atendaye. Na moyo, hasa wa kijana, si chungu kilichokwisha kuchomwa. Bado ni udongo mbichi. Tumewajua wavulana walioingia kwaya ya kanisa kwa tamaa ya safari na nguo mpya, wakaendelea kuimba hata baada ya safari kwisha na nguo kuchakaa. Mwanafunzi aweza kwenda kwa wazee mara ya kwanza kwa ajili ya fomu, na mara ya thelathini kwa kuwa mzee fulani anamngoja. Wala haijulikani ni Jumamosi ipi nia ilipogeuka. Kwa hiyo hatumlaumu mtu kwa sababu aliyoanza nayo.

Hofu yetu iko mahali pengine. Kuhesabu saa huleta haraka, na haraka humfanya mtu kipofu. Mwaka 1973 wataalamu wawili, Darley na Batson, walitoa habari za jaribio walilolifanya huko Princeton kwa wanafunzi 40 wa theolojia, yaani vijana wanaosomea uchungaji. Kila mmoja aliambiwa aende katika jengo la pili akatoe hotuba. Baadhi yao hotuba yao ilikuwa juu ya mfano wa Msamaria mwema. Njiani alikuwa amewekwa mtu, ameinama mlangoni, akikohoa na kuugua. Wengine waliambiwa kwamba wamechelewa mno, wengine kwamba wana nafasi ya kutosha. Katika wale wenye nafasi, 63 katika kila 100 walisimama kumsaidia. Katika wale wenye haraka, walisimama 10 tu katika 100. Na kule kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Walikuwako walioruka juu ya mgonjwa ili wawahi kuhubiri habari za aliyemhurumia mgonjwa. Sisi walimu na wahubiri tusicheke sana.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa Marekani. Ana masomo ya kemia yatakayomtoa jasho, ana mtihani wa MCAT mbele yake, ana utafiti wa maabara, na ana daftari ya saa. Mzee mmoja katika ile nyumba apenda kusimulia hadithi ndefu isiyo na mwisho; mwingine hulala, na kumkalia mtu aliyelala ni rahisi, saa zapita vilevile. Hakuna fomu iwezayo kutofautisha saa hizo mbili. Tena nyumbani kwao huenda yupo bibi yake mwenye kiharusi, ambaye kijana huyo humgeuza kitandani kila usiku. Hakuna aliyempa kitambulisho cha kifuani kwa kazi hiyo, wala hakuna msimamizi wa kutia sahihi. Kijana aweza kuanza kuiona kazi ile ya nyumbani kuwa inampotezea wakati wa kufanya huduma! Hapo ndipo hesabu inapokuwa imemharibu, maana imemfundisha kwamba mgonjwa asiyeandikika si mgonjwa.

Na neno moja juu ya mtoto wa maskini. Mwenye baba tajiri aweza kujitolea saa 10 kwa juma bila malipo. Mwenzake hufanya kazi ya kuosha sahani usiku ili alipe ada, na saa zake za kujitolea ni chache. Wachaguzi wenye akili hulijua jambo hilo, na husoma habari za kazi ya sahani kwa heshima. Tungependa wote wawe na akili hiyo.

Tumelisogelea sasa jambo lituhusulo sisi wenyewe, ambao wengi wetu hatutaiona Marekani kamwe. Katika kutafuta saa na habari za kuandika, baadhi ya wanafunzi hao huvuka bahari. Huja katika hospitali za Afrika, pamoja na zile za misheni huku kwetu, kwa majuma mawili au mwezi mmoja wa likizo. Wengi ni vijana wazuri, wenye adabu, nao huja kutazama na kujifunza. Lakini yametukia, hapa na katika nchi nyingine maskini, kwamba mwanafunzi asiyesoma hata siku moja ya utabibu amepewa sindano, au uzi wa kushona jeraha, au koleo la kung'olea jino, na mtu hai mbele yake. Kwao angefanya hivyo angeshitakiwa. Kwetu amepigwa picha.

Wapo watetezi wa jambo hili, na yafaa tuwasikilize. Husema: wauguzi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na mkono wowote ni bora kuliko kukosa mkono. Husema pia kwamba mgonjwa mwenyewe hakukataa. Tuanze na hilo la pili. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akimwona mgeni aliyevaa koti jeupe, humwita daktari, na hukaa kimya. Hakukubali kufanyiwa majaribio na mwanafunzi. Amekubali kutibiwa na daktari ambaye hayupo. Kunyamaza kwake kumetokana na heshima na shida, nasi hatuna haki ya kukuita ridhaa. Tena huyo hana nafasi ya kwenda hospitali ya pili iliyo ng'ambo ya barabara, kama walivyo nayo watu wa Baltimore.

Na juu ya mikono michache: ni kweli, mikono ni michache. Mwanafunzi mwenye afya aweza kuchota maji, kusukuma machela, kufagia, kumwita mwuguzi mgonjwa anapobadilika. Kazi hizo hazikosekani, na hakuna hata moja itakayomwua mtu. Ajabu ni kwamba mara nyingi si hizo zitafutwazo, kwa kuwa haziandikiki vizuri. Albert Schweitzer alikuwa mwanatheolojia na mpiga kinanda mwenye sifa katika Ulaya alipoazimia kuwatumikia wagonjwa wa Gabon. Alikuwa na miaka 30. Moyo alikuwa nao, jina alikuwa nalo, lakini hakupanda meli kwa nguvu ya moyo. Mwaka 1905 alikwenda kuketi pamoja na vijana akaanza masomo ya utabibu, na Lambaréné alifika mwaka 1913. Miaka ile yote ilikuwa ni heshima aliyowapa watu ambao hajawaona bado. Basi kijana wa miaka 20 asijione ana haki ya kushika kisu mapema kuliko yeye, kwa sababu tu mgonjwa ni mtu mnyonge wa mbali.

Wamarekani wenyewe wameliona jambo hili. Mwaka 2011 chama cha vyuo vyao vya utabibu, kiitwacho AAMC, kilitoa mwongozo kwa wanafunzi waendao nchi za nje: kwamba kazi yao kuu huko ni kutazama na kujifunza, wala si kutibu kwa mikono yao. Tena huonywa kwamba aliyevuka mpaka huo, akajisifu katika maombi yake, aweza kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo aliyodhani itampa nafasi. Twaona ni sawa. Kovu lililomo mwilini mwa mtu wa kijijini si kitu cha kujazia nafasi ya fomu, hata kama jeraha lilipona.

Tumwambieje basi kijana wetu? Kwanza, daftari yake si dhambi. Aliyeulizwa swali na wakubwa hulijibu, na kusema kweli juu ya kazi uliyoifanya si kupiga mshindo njiani. Angekuwa mnafiki kama angeandika saa 6 mahali pa 4, au kama angemfanya mzee asiyejua kusoma fomu kuwa mapambo ya habari zake, jina na ugonjwa na machozi. Aandike aliyoyatenda na aliyojifunza, na siri za mzee azifiche. Methali yetu nyingine yasema chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Hapa analazimishwa kukitembeza kilicho chema, na haya anayoiona ni haya ya mtu aliyelelewa vizuri. Asiitupe.

Pili, uko mtihani ambao hauna alama 528. Mwombaji hutuma fomu yake kama mwaka mzima kabla ya kuingia chuoni. Ikiisha kutumwa, saa zilizoandikwa zimeandikwa, na zile za baadaye zitamfaa kidogo sana. Jumamosi inayofuata itafika kama zote, na wazee watakuwa wameketi dirishani. Kama hawezi kwenda kwa kuwa anafanya kazi ya mshahara au yu mgonjwa, atume salamu, asipotee kama mwizi. Kama aweza, na akaenda, basi atakuwa amejibiwa na miguu yake, wala hana haja ya barua yetu.

Na sisi tulio huku tuna sehemu yetu. Hospitali ipokeayo wageni hawa haina budi kuwaambia wagonjwa kwa lugha yao ni nani aliye daktari na ni nani aliye mwanafunzi, na kumvika kila mmoja alama ya kumtambulisha. Wazee wa kanisa na walimu wawafundishe watu kwamba mgonjwa aweza kumwuliza mtu asimamaye kitandani kwake: Wewe ni nani, na umesoma hata wapi? Kumwuliza hivyo si kukosa adabu. Akijibu kwamba yeye ni mwanafunzi, amekuja kutazama tu, na kweli akatazama, mpeni kiti.